Usiniambie Mwisho

Sikudhani hupiga simu Ijumaa.
Mimi ndiyo kwanza nimetoka kiwandani, vidole vinanuka chewa;
yeye ameshakula, ameshasali, ameshalaza wanawe,
na salamu haijafika nusu:
"Dada, wamevishana pete!"

Nani tena. Rhodri na Maxine,
daktari wa mifupa na dereva wa ambulensi,
mapenzi yaliyoanza kwa kugombea maegesho
yakaja kufika petení huko Tanga,
ambako tamthilia hutiwa Kiswahili kwanza
ikawafikia mwaka mzima
baada ya kupita huku kwangu, Hull.

Kwao Rhodri anaongea Kiswahili cha Dar, cha puani kidogo,
anamwambia Maxine, "Kipenzi, nivumilie."
Kwangu hasemi hivyo. Kwangu anakohoa,
anatazama viatu, anatamka neno moja
nililolirudisha nyuma mara tisa na bado silisikii.
Namwonea wivu mdogo wangu kwa ile "nivumilie".

Wacha niseme nilivyo, wanaocheka wacheke.
Nimepanda treni hadi Leeds,
nikasimama saa nne kwenye manyunyu, nyuma ya uzio wa chuma,
ili nimwone Alun Prosser, aigizaye Rhodri,
akishuka garini kuzindua filamu yake.
Ni mfupi. Hilo hawakutuambia.
Aliandika jina lake kiganjani mwangu,
na siku mbili nilikata minofu kwa glavu juu ya glavu,
msimamizi akaniuliza kama nimeungua.
Picha yake iko kwenye friji, juu ya ratiba ya mapipa ya taka.
Gazeti lilipoandika kwamba yeye na huyo Maxine wake
hawali hata meza moja wakati wa mapumziko,
nililifungia maganda ya viazi.

Kupaza alikuwa akicheka:
"Mke wangu ana waume wawili, mmoja halipi kodi."
Lakini Alhamisi, saa tatu usiku, chai aliipika yeye,
akakaa ukingoni mwa kochi kama mpita njia,
na Maxine alipodondosha kikombe
ni yeye aliyesema, "Pole."

Sikudhani hajui kuwa pete ile haifiki masika.
Sehemu ya arobaini na moja Maxine anaweka ufunguo mezani,
anatoka. Hawakupiga hata muziki.
Rhodri anausikia mlango
na anaendelea kuosha kikombe kilekile.

Nililia usiku ule hadi Bwana Thackray, mwenye duka la chipsi chini,
akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.
Kisha akapanda ngazi na chipsi za moto, akasahau siki.
"Tamthilia?" akauliza.
Televisheni ilikuwa inawaka. Nikamwacha adhani.

Maana siku kumi na mbili kabla yake
ufunguo mwingine uliingia kwa tundu la barua,
ndani ya bahasha, bila barua,
na mimi nikaupokea kwa macho makavu,
nikautundika msumarini, nikaenda zamu.

"Shemeji hajambo?"
"Hajambo. Yuko kazini."
"Kila Ijumaa?"
"Zamu zimebadilika."

Anarudi haraka kwa Rhodri: gauni litakuwa la rangi gani,
mama mkwe atakuja, watapata mtoto?
"Hapana, dada, usiniambie mwisho!"
Siwezi kumwambia. Namimina chai.
Kijiko kinagonga.
Upande wa pili watoto wamelala, na kimya cha Tanga
kinanisikiliza vizuri kuliko ninavyotaka.

"Kikombe kimoja hicho?"

Nainua rimoti, nabonyeza, sauti inajaa chumba,
watu fulani wanauza magodoro.
"Ngoja, mdogo wangu, nikate. Rhodri anaanza."

"Leo Ijumaa, dada," anasema,
polepole,
kama asukumaye mlango wa chumba cha mgonjwa.